Divai za Ufaransa: ni ubora, ni umri au ni jina?

MhudumuDunda (Bagamoyo) anauliza:

Ndugu zangu, assalaam alaykum, na wasio wa salamu hiyo nawaamkia kwa heshima.

Mimi ni mhudumu wa mezani katika hoteli ndogo ya ufukweni hapa Bagamoyo. Imani yangu hainiruhusu kunywa kileo, kwa hiyo sijapata kuonja divai hata tone, ijapokuwa kazi yangu inanitaka niifungue, niimimine na kuieleza kwa wageni kila siku. Jumamosi iliyopita mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam, mtu mzima mwenye adabu zake, aliipitia orodha yetu ya vinywaji, kisha akaniuliza kwa nini chupa ya Ufaransa inauzwa karibu mara nne ya chupa ya Dodoma, ilhali zote mbili ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Nilimjibu kwamba ni kwa sababu inatoka Ufaransa. Alicheka, mkewe akacheka, nami nikacheka nao, lakini niliporudi jikoni nilijiona kama mtu aliyeulizwa njia ya mtaani kwao akashindwa kuionyesha.

Nimewauliza wenzangu kazini. Mmoja anasema divai ya Kifaransa inathaminiwa kwa kuwa ni ya zamani, mwingine anasema ni kwa kuwa haina sukari, na meneja wetu anasema ni jina na gharama ya usafiri, hakuna zaidi. Naomba mwenye kujua anieleze kwa namna ambayo nami nitaweza kumweleza mgeni bila kumdanganya, na bila kulazimika kuonja.

MzeeRaskazone (Tanga) anajibu:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Usione haya kwa swali hilo, kwani nimefanya kazi ya ukumbi wa chakula kwa zaidi ya miaka 30, Mombasa, Dar es Salaam na mwishowe hapa Tanga, na nimewaona wanywaji wakubwa wasioweza kulijibu. Kutoonja si kizuizi. Muuza dawa haugui kila ugonjwa anaouuzia dawa.

Nianze na jambo ambalo liko mbele ya macho yako kila siku. Ukishika chupa ya Afrika Kusini au ya Chile, mara nyingi utasoma juu yake jina la aina ya zabibu: Merlot, Chardonnay, Cabernet Sauvignon. Ukishika chupa ya Ufaransa, aghalabu utasoma jina la mahali: Chablis, Pommard, Margaux, Sancerre. Mfaransa hakuambii amepanda nini. Anakuambia amepanda wapi, na kwake hilo latosha. Zabibu hizo ambazo dunia nzima inazilima leo, nyingi zimetoka kwao, na hata ile Chenin Blanc inayolimwa Dodoma asili yake ni bonde la mto Loire. Kwa hiyo mbegu si siri tena, imekwisha kutoka nje, na walichobaki nacho peke yao ni ardhi na jina la ardhi hiyo.

Wewe ni mtu wa pwani, utanielewa nikikutajia machungwa ya Muheza. Muuzaji wa Dar es Salaam akitaka machungwa yake yaondoke upesi husema ni ya Muheza, hata pale yanapokuwa yametoka kwingine. Sasa chukulia kwamba ingekuwapo sheria inayotaja ni vijiji gani vina haki ya jina hilo, ni miche gani ipandwe, matawi yapogolewe vipi, kila shamba livune kiasi gani na si zaidi, na kwamba atakayelitumia jina hilo kwa machungwa ya kwingine atafikishwa mahakamani. Ukiyaelewa hayo, umekwisha kuielewa nusu ya divai ya Ufaransa. Wao huutaja uhusiano wa udongo, mteremko, hali ya hewa na mkono wa mkulima kwa neno moja, terroir, linalotamkwa karibu na "teruwa".

Mfano ulio wazi kuliko yote ni jimbo la Burgundy. Kusini mwa mji wa Dijon kuna mteremko wenye urefu wa kilomita 50 hivi, mwembamba kiasi kwamba mahali pengine ungeuvuka kwa miguu chai yako ikiwa bado ya moto. Zabibu nyekundu inayotawala hapo ni Pinot Noir, na nyeupe ni Chardonnay, basi. Hata hivyo mteremko huo umegawanywa katika vipande vyenye majina na mipaka, 1,247 kwa idadi, ambavyo UNESCO iliviingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2015. Watawa wa Cîteaux, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1098, walilima huko kwa karne nyingi, na kwa kuwa mtawa akifa shamba haliuzwi wala maarifa hayapotei, waliweza kutambua kidogo kidogo kwamba katikati ya mteremko, penye mawe ya chokaa na pasipotuama maji, hutoka divai iliyo tofauti na ile ya bondeni, hatua mia moja tu chini yake. Shamba lao la Clos de Vougeot lina hekta 50 hivi zilizozungushiwa ukuta. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa lilitaifishwa na kuuzwa, kisha likaendelea kurithiwa na kukatwakatwa, hata leo lina wamiliki wapatao 80, na kila mmoja anatengeneza divai yake kwa jina lile lile. (Hapo ndipo mnunuzi anapopotea, kwa maana jina ni moja na mikono ni 80.) Romanée-Conti, ambayo chupa yake moja inaweza kuuzwa kwa bei ya gari, ni kipande kisichofika hekta 2. Ardhi ikiwa ndogo namna hiyo, na wanaoitaka wakiwa dunia nzima, bei haina pa kushukia.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Mzabibu ukistareheshwa kwa mbolea na maji tele huzaa majani mengi na zabibu nyingi zisizo na ladha; ukibanwa kidogo kwenye changarawe na mawe, huzaa kidogo kilichokolea. Kule baridi huulaza mzabibu miezi kadhaa, kisha huja kiangazi chenye siku ndefu, zabibu ikaiva polepole, sukari ikapanda ilhali uchachu haujaisha. Kwetu mti haulali. Dodoma huvuna mara 2 kwa mwaka, jambo jema kwa mfuko wa mkulima, lakini joto hula uchachu, na divai isiyo na uchachu ni kama mchuzi wa samaki usiotiwa ndimu wala ukwaju.

Kuhusu umri, mwenzako amekosea kwa sehemu kubwa. Mwaka ulioandikwa kwenye lebo ni mwaka wa mavuno, na divai nyingi za Ufaransa zimetengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache. Zinazofaa kuhifadhiwa miaka 20 au zaidi ni chache, na ni zile zenye ukakasi, uchachu au sukari ya kuzishikilia. Nyingine ukiziweka muda mrefu unazizeesha bure.

KijanaWaNgamiani (Tanga) anajibu:

Shikamoo mzee. Maelezo yako nimeyasoma yote na yamenifundisha, lakini niruhusu nimtetee meneja wa hoteli. Tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza Steven Spurrier, aliyekuwa na duka la divai mjini Paris, aliwakalisha mezani waonjaji 9 wa Kifaransa wenye sifa kubwa, akawamiminia divai za Ufaransa na za California bila kuwaonyesha lebo. Katika nyeupe iliyoongoza ilikuwa Chateau Montelena ya mwaka 1973, na katika nyekundu ilikuwa Stag's Leap Wine Cellars ya mwaka huo huo, iliyoipita hata Mouton Rothschild, divai maarufu ya Bordeaux, ya mwaka 1970. Zote mbili ni za California. Wafaransa wenyewe, kwa ndimi zao wenyewe, walishindwa kuitambua divai ya kwao.

Na lile daraja maarufu la ubora wa divai za jimbo la Bordeaux la mwaka 1855, lililowekwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris aliyoyaandaa Napoleon III, halikuwekwa na waonjaji waliofumbwa macho. Liliwekwa na madalali waliofuata bei za sokoni: iliyouzwa ghali ikawa daraja la kwanza, iliyofuatia ikawa la pili, mpaka la tano. Tangu hapo iliyo ghali inaitwa bora, na kwa kuwa inaitwa bora inazidi kuwa ghali. Kama hilo si jina, ni nini?

MzeeRaskazone (Tanga) anajibu:

Marahaba, kijana wangu. Uliyoyasema ni kweli tupu, ila umeishia katikati ya njia.

Wale wa California walishinda kwa zabibu gani? Kwa Chardonnay na Cabernet Sauvignon, zilizokuzwa kwa kufuata mfano wa Burgundy na Bordeaux. Na walipimwa dhidi ya nani? Hakuna anayeweka mashindano ili kumshinda mtu asiyejulikana. Siku ile ilithibitisha kwamba divai njema inaweza kutoka kwingine, nami sibishi, lakini kipimo chenyewe kilikuwa cha Kifaransa.

Ama madalali wa 1855, mimi nawaamini kuliko waonjaji. Muonjaji hula kwa maneno, dalali hula kwa bei, na bei walizoziangalia hazikuwa za msimu mmoja bali za miaka mingi ya biashara. Katika nyekundu walitaja 4 za daraja la kwanza: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Mouton, iliyokuwa ya kwanza katika daraja la pili, ilipandishwa mwaka 1973. Kasoro ya orodha hiyo ni kwamba karibu yote imeganda. Shamba linaweza kubadilisha wamiliki, kuongezwa ekari au kuzembea, na daraja likabaki pale pale, kwa hiyo mtu anayeisoma leo kama matokeo ya mtihani wa mwaka huu anajidanganya.

Bordeaux ni bandari, na watu wa Bagamoyo wanajua bandari hufanya nini. Sandarusi, ule utomvu mkavu wa kutengenezea vanishi, iliyochimbwa Mrima huku kwetu iliuzwa Marekani na Ulaya kwa jina la Zanzibar, kwa sababu jahazi lilipitia Zanzibar. Vivyo hivyo Bordeaux ilipata jina kwa maji kabla ya kulipata kwa ndimi. Mwaka 1152 Eleanor, mtawala wa Aquitaine, nchi iliyokuwa na Bordeaux ndani yake, aliolewa na Henry ambaye miaka 2 baadaye alikuwa mfalme wa Uingereza, na kwa takribani miaka 300 divai ya huko ilikuwa ikipelekwa kwa Waingereza kana kwamba ni mali ya nyumbani. Baadaye Waholanzi walikuja na ujuzi wao wa kukausha maji, wakasaidia kuondoa madimbwi ya Médoc, eneo la Bordeaux lililo kaskazini mwa mji, katika karne ya 17, na vilima vya changarawe vilivyojitokeza ndivyo leo vyenye majina makubwa. Changarawe huchuja maji na kutunza joto la mchana, na Cabernet Sauvignon, inayochelewa kuiva, hulihitaji joto hilo. Upande wa pili wa mito, penye udongo wa mfinyanzi uliopoa, hutawala Merlot. Kwa hiyo jina lipo, ndiyo, lakini chini ya jina pana udongo.

MkulimaWaMachungwa (Muheza) anajibu:

Nimevutwa na mfano wa machungwa, na naona limesahaulika jambo moja ambalo sisi wakulima tungelianza nalo: sheria hizo za Ufaransa hazikutokana na fahari, zilitokana na balaa na wizi.

Kuanzia miaka ya 1860 mizabibu ya Ufaransa ilianza kunyauka bila sababu kuonekana. Mwaka 1868 mtaalamu wa mimea wa Montpellier, Jules-Émile Planchon, pamoja na wenzake walichimbua mizizi na kukuta mdudu mdogo wa manjano anayeifyonza. Ni filoksera, aliyesafiri pamoja na miche kutoka Marekani. Katika miongo iliyofuata mdudu huyo aliyaharibu mashamba mengi mno ya nchi hiyo. Dawa iliyofaa haikuwa ya kunyunyizia. Walichukua shina la mzabibu wa Kimarekani, ambao mizizi yake imezoeana na mdudu, wakabebesha juu yake kikonyo cha mzabibu wa Kifaransa. Ni kazi ile ile tunayoifanya hapa Muheza tunapobebesha chungwa juu ya mche wa limao, ili limao litupe mizizi migumu na chungwa litupe utamu. Mpaka leo sehemu kubwa ya mizabibu ya Ufaransa imesimama juu ya mizizi ya kigeni, na sidhani kama wateja wengi wa hoteli wanalijua hilo.

Divai ilipoadimika, wajanja wakaingia. Ziliuzwa divai za zabibu kavu zilizolowekwa, divai za sukari na maji, na divai za kwingine zilizovishwa majina makubwa. Sheria ya kupambana na udanganyifu ilitungwa mwaka 1905, lakini haikutosha. Mwaka 1907 wakulima wa Languedoc, kusini mwa Ufaransa, waliandamana kwa mamia ya maelfu kwa sababu divai yao halisi haikuwa na bei, na mjini Narbonne askari waliwaua baadhi ya watu. Mwaka 1911 ilikuwa zamu ya wakulima wa Champagne kuvamia maghala ya wafanyabiashara waliokuwa wakileta zabibu za nje ya jimbo hilo. Ni baada ya vurugu hizo, mwaka 1935, ndipo ulipowekwa mfumo wa majina ya asili yanayolindwa, yale maneno Appellation d'Origine Contrôlée unayoyaona kwenye lebo, na majina ya kwanza yakatambuliwa mwaka 1936, likiwamo Châteauneuf-du-Pape. Kijiji hicho kina wivu wa ardhi yake usio wa kawaida: mwaka 1954 meya wake alitoa amri ya kupiga marufuku visahani vya angani, vile vyombo vinavyosemekana kutoka sayari nyingine, kutua katika mashamba ya mizabibu, na amri hiyo haijapata kuvunjwa.

Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo tofauti kati ya machungwa yetu na divai yao. Ardhi nzuri tunayo. Wao wameandika.

KatekistaMstaafu (Bagamoyo) anajibu:

Naongeza dogo. Neno "mvinyo" limetujia kutoka Kireno, lakini neno "divai" ni la Kifaransa, du vin, na kwetu Bagamoyo hilo halishangazi, kwa kuwa mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni hapa mwaka 1868, mwaka ule ule ambao mkulima amemtaja mdudu wake, walitoka Ufaransa. Sheria ya Kanisa inataka divai ya altare iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Haiulizi imetoka nchi gani. Basi mgeni wako akisema zote ni maji ya zabibu yaliyochachuka, mbele ya altare yuko sahihi. Mezani ndipo bei inapoanza kutofautiana.

MhudumuDunda (Bagamoyo) anaandika tena:

Shikamooni wazee, na shukrani zangu kwenu nyote. Leo asubuhi nimezitoa chupa zote rafuni nikazisoma kama mtu anayejifunza alifabeti. Moja imeandikwa Grand Vin de Bordeaux, nyingine Saint-Émilion Grand Cru, ya tatu Vin de France, na ya nne, ambayo ni ya bei ya juu kuliko zote, imeandikwa Bourgogne peke yake. Ipi ni ya heshima zaidi? Pili, mgeni akiniuliza ladha nitatumia maneno gani, na mimi siijui? Tatu, niseme kweli, rafu yenyewe iko juu ya jokofu, karibu na mlango wa jiko, na chupa zimesimama wima.

MzeeRaskazone (Tanga) anajibu:

Nianze na la tatu kwa sababu ndilo linalokupotezea mali. Juu ya jokofu panatoka joto, na jikoni panatoka joto jingine. Divai iliyosafiri kutoka Ulaya salama inaweza kufia hapo katika mwezi mmoja wa kaskazi, ukawa unamuuzia mgeni jina la Bordeaux na ladha ya zabibu zilizochemshwa. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo kreti nzima iliharibika namna hiyo, na lawama akabebeshwa mwenye shamba. Zishushe, zilaze ubavu ili kizibo kisikauke, uziweke chumba chenye giza na kiyoyozi kisichozimwazimwa. Usisahau pia kwamba wakisema divai nyekundu inywewe kwa joto la chumba, wanakusudia chumba cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18, si chumba cha Bagamoyo mwezi Februari. Nyekundu nayo iingie kwenye jokofu kwa nusu saa kabla ya kupelekwa mezani.

Sasa lebo. Grand Vin de Bordeaux maana yake ni "divai kubwa ya Bordeaux", na si daraja lolote la kisheria. Kila mtu hujiita mkubwa nyumbani kwake. Saint-Émilion Grand Cru ni jina la kisheria, lakini mashamba mengi mno ya eneo hilo yana haki nalo, kwa hiyo usilifananishe na Grand Cru ya Burgundy, ambako ngazi hiyo ni ya asilimia 1 au 2 tu ya divai yote. Huko Burgundy ngazi hupanda kwa kadiri mahali panapozidi kubanwa: jimbo, kijiji, kipande cha Premier Cru, kisha kipande cha Grand Cru. Chupa yako ya Bourgogne peke yake iko ngazi ya chini kabisa, na kama ndiyo ghali kuliko zote, mwulize meneja aliinunua kwa nani. Vin de France ni divai ambayo zabibu zake zaweza kutoka popote nchini humo. Haina maana ya kuwa mbaya. Ina maana kwamba hakuna kijiji kinachoidhamini. Jambo hili uliseme bila woga: Ufaransa hutengeneza divai nyingi za kawaida, nyingine dhaifu kabisa, na heshima ya zile chache imezifunika hizi nyingi kama kanga ya dada mkubwa.

Ladha usiiogope, maana sehemu zake umekwisha kuzionja kwa njia nyingine. Ule ukakasi wa divai nyekundu unaokausha ulimi huitwa tanini, na ni ule ule wa chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye birika, au wa bibo ambalo halijaiva. Hutoka kwenye ganda na kokwa, na rangi pia hutoka kwenye ganda, maana maji ya zabibu nyingi nyekundu hayana rangi. Uchachu ni ule wa embe bichi. Pipa la mwaloni, ambalo la Bordeaux huchukua lita 225, yaani chupa 300, huacha harufu ya vanila, ya moshi na wakati mwingine ya karafuu. Wajuzi wanapoisifu divai ya Ufaransa hawasifu utamu wala nguvu ya kileo, wanasifu mizani: kwamba ukakasi, uchachu, tunda na pipa havigombani, na kwamba ladha hukaa mdomoni muda baada ya kumeza. Kwa kamba na samaki wa kuchoma mpendekezee nyeupe yenye uchachu, kama Muscadet au Sancerre, zote za bonde la Loire.

KijanaWaNgamiani (Tanga) anajibu:

Mzee, hapo kwenye dada mkubwa nimeridhika. Nilichokuwa nakipigania ni hicho tu, kwamba nembo ya Ufaransa peke yake haitoshi. Ombi langu kwa ndugu wa Bagamoyo ni kwamba chupa ya Dodoma isielezwe kama ya maskini. Aliyeilima ana jua kali, mti usiolala na soko lisilomjua, na bado anaileta mezani.

MhudumuDunda (Bagamoyo) anaandika tena:

Chupa zimeshuka, zimelala, ziko chumba cha shuka ambacho kiyoyozi chake hakizimwi. Meneja amenung'unika lakini amekubali.

Nimeandika jibu la kumpa mgeni, naomba mnisahihishie: "Mheshimiwa, chupa hii bei yake iko juu kwa sababu inatoka mahali padogo pasipoweza kuongezwa, pamejulikana kwa karne nyingi, na sheria inamzuia mtu mwingine kulitumia jina lake au mwenyewe kuvuna kupita kiasi. Hii ya Dodoma inatoka kwenye jua zaidi, uchachu wake ni mdogo, na ukiipenda hutakuwa umekosea." Halafu mwisho wa mwezi tuna harusi, na wenye shughuli wametaka shampeni. Meneja amenunua divai yenye povu ya Afrika Kusini, nami nimeandika kwenye menyu "Shampeni ya Afrika Kusini, isiyo na sukari, Demi-Sec."

MzeeRaskazone (Tanga) anajibu:

Jibu la kwanza usiliguse. La menyu lifute lote.

Shampeni ni ile tu inayotoka jimbo la Champagne, karibu na miji ya Reims na Épernay, kwenye udongo wa chokaa nyeupe. Zabibu zake ni lazima zichumwe kwa mkono, uchachukaji wa pili ufanyike ndani ya chupa hiyo hiyo inayouzwa, na chupa ya kawaida isitoke ghalani kabla ya miezi 15. Yenye povu ya Afrika Kusini inaweza kuwa imetengenezwa kwa njia hiyo hiyo na ikawa nzuri sana, lakini iite divai yenye povu, ukitaja na nchi yake. Wale wakulima wa 1911 aliowataja ndugu wa Muheza walivamia maghala kwa ajili ya neno hilo hilo uliloliandika.

Na Demi-Sec, ingawa tafsiri yake ni "nusu kavu", ni tamu. Kwa shampeni huwa na gramu 32 hadi 50 za sukari kwa lita. Iliyo kavu ni Brut, chini ya gramu 12. Kwa keki ya harusi Demi-Sec inafaa vizuri, kwa hiyo meneja amebahatisha. Siku ya kufungua uwe mwangalifu, maana ndani ya chupa mna msukumo karibu mara 3 ya ule wa tairi la gari dogo. Ipoze kabisa, funika kizibo kwa kitambaa, kishike kisicheze, kisha uzungushe chupa, si kizibo, na usiielekeze kwa bibi harusi.